Mashine Ina Koti, Mguu Hauna Buti

Anakanyaga kwanza. Kabla ya kuwasha mashine, kabla hata ya kukaza kitambaa kichwani, anapigapiga ardhi kwa kisigino kama mtu anayebisha hodi kwa jirani mzito wa kusikia. Halafu anasimama kimya, shingo ameilaza upande, anangoja kuona nani atatoka.

Anatoka panzi. Anatoka mjusi. Kisha, polepole, kama mwenye nyumba aliyeamshwa na mgeni asiyemtaka, anatoka tandu wa rangi ya kutu, mrefu kupita kiganja. Anavuka mbele ya vidole vya mguu vilivyo wazi ndani ya kandambili na kupotelea kwenye nyasi.

"Pita, baba," mama huyo anamwambia. "Nyumba ni yako. Mimi nimetumwa tu."

Wenzake uwanjani wanamwita Kunguru, na hawamwiti kwa ubaya. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, walisema wahenga, na kwa woga mama huyu wa watoto watatu hana mpinzani. Haweki mkono mahali ambapo jicho halijatangulia. Hakai juu ya jiwe kabla ya kuligeuza. Kuna wanaoapa kwamba hata kitandani kwake hupiga hodi.

"Wacha waseme," anajibu, akivuta mkanda wa mashine begani. "Mashujaa walikuwepo hapa. Mmoja mguu wake umebaki mweusi kama sufuria ya msibani. Mwingine siku hizi akiona kamba ya kuanikia nguo anakimbia. Mimi mwoga bado vidole vyangu vyote viko nyumbani."

Kazi yake ni kutafuta chuma kilichofukiwa. Uwanja huu zamani ulikuwa karakana ya magari makubwa. Karakana ilipokufa haikuzikwa vizuri: ekseli, minyororo, mapipa ya oili, mabati, makopo na misumari ya miaka yote viliachwa vimezwe na udongo, na juu yake yakaota magugu yanayomfika mtu kifuani. Sasa mkandarasi anataka kujenga nyumba za kupangisha, na tingatinga lake halipendi kuuma chuma. Kwa hiyo anatanguliza watu.

Wanne kati ya watu hao walipewa mashine: fimbo ndefu yenye sahani chini na waya unaopanda hadi kwenye hedifoni masikioni. Unatembea ukiiyumbisha sahani kushoto na kulia, chini chini, kama mtu anayefagia bila kugusa vumbi. Sahani ikipita juu ya chuma, masikio yanalia. Yakilia unainama, unachimba, unatoa.

"Ni rahisi," anasema Kunguru. "Hata mtoto anaweza. Ila hapo pa kuinama ndipo penye maneno."

Anasimama ghafla. Hedifoni ameivaa sikio moja tu, jingine amelifungulia dunia, jambo ambalo ni marufuku. Anairudisha sahani palepale, mara mbili, kisha anachuchumaa na kuanza kuondoa udongo kwa kijiti cha mti chenye ncha iliyopinda. Kinatokea kopo la maziwa ya unga, limeliwa na kutu hadi limekuwa kama kitambaa. Analipindua kwa kijiti. Ndani, akiwa ameinua mkia kama hakimu anayenyanyua nyundo, kuna nge mweusi, mkubwa wa kutosha kudai kodi ya pango.

Na hapo ndipo ilipo hasira yote ya mama huyu.

"Mkubwa anasema tumeumwa kwa uzembe wetu," anasema. "Sasa nge anaishi wapi? Chini ya kopo. Nyoka analala wapi? Chini ya bati, maana lina joto. Nyuki wakikosa mti wanaingia wapi? Kwenye pipa. Mimi nimetumwa kutafuta nini? Kopo, bati na pipa. Kila mashine inapolia, nagonga mlango wa mtu. Uzembe wangu uko wapi hapo?"

Anamwacha nge ashuke kwa hiari yake. Kopo analitupa kwenye gunia.

Mtu akitazama miguu ya watu wa kazi hii anaweza kudhani wameshuka kwenda kuoga. Wote wamevaa kandambili. Sababu yake, ukiisikia, unaomba urudiwe.

Mashine husikia chuma chochote kilicho karibu. Ndiyo maana asubuhi wafanyakazi huacha langoni mikanda, funguo, bangili na sarafu. Walipoomba mabuti, mkandarasi alileta boksi zima la mabuti mazuri ya ngozi, mapya, yananukia duka. Puani mwa kila buti mlikuwa na kipande cha chuma cha kulinda vidole. Siku hiyo nzima mashine zilipiga kelele kila mguu uliposogea. Jioni mabuti yakarudishwa kwenye boksi, na jibu lililotoka ofisini ni hili: mliomba mabuti, mkaletewa, mkashindwa kuyavaa, shauri yenu.

"Mabuti ya mpira yapo," anasema Kunguru. "Matupu, hayana hata msumari. Sokoni yananing'inia mlangoni kama vitunguu. Wauza samaki wanayo, wachimba mitaro wanayo. Lakini ofisi ikishakosea mara moja, kosa linakuwa sheria."

Mashine yenyewe haina shida hiyo. Ina koti la plastiki ngumu lenye sponji ndani. Ina kibanda chenye kufuli, na mlinzi anayelala mlangoni. Wingu likijikunja tu, msimamizi anapaza sauti kutoka kivulini: "Funikeni mashine." Katika muda wote wa kazi hii hakuna aliyewahi kusikia ikiamriwa kwamba mtu afunikwe.

Ujira wa siku hununua unga, mafuta kidogo na sabuni, basi. Siku ukiumwa, hununui kitu, maana ujira ni wa anayesimama.

Kwa kuwa ofisi haikuwa na mpango na miguu, mumewe Kunguru aliamua kuwa nao. Yeye ni fundi cherehani wa barazani, mtu wa maneno machache na tambo nyingi za sindano. Alichukua turubai kuukuu, akalikunja mara tatu, akamshonea mkewe vazi la miguu linalofunika kutoka gotini hadi kwenye kifundo. Na kwa kuwa alikuwa anamshonea mke wake, si mteja, akaweka vishikizo vya chuma vinavyong'aa, safu mbili kila mguu.

"Akaniambia, 'Leo utakwenda kama jenerali,'" anakumbuka Kunguru. "Kweli nikaenda kama jenerali."

Asubuhi hiyo mashine ililia kama haijawahi kulia. Ililia kushoto, ikalia kulia. Kunguru na mwenzake wakachimba, hawakupata kitu. Wakasogea. Ikalia. Wakachimba. Kufika adhuhuri walikuwa wametoboa ardhi kama panya walioota wamezika mahindi, na msimamizi amesogeza kiti chake karibu, macho yanamng'aa, akiamini uwanja una hazina.

Mwenzake alikuwa wifi yake, dada wa huyo fundi cherehani, mwanamke mrefu mwenye ulimi usiohitaji kunolewa. Ndiye aliyeng'amua.

"Wifi, hebu simama," akamwambia. "Nyanyua mguu. Haya, shusha. Nyanyua tena."

Mashine ikalia, ikanyamaza, ikalia.

"Basi vizuri," akasema wifi yake, akaketi chini kabisa kwenye udongo. "Tumechimba nusu uwanja tunakutafuta wewe. Na aliyekuzika ni kaka yangu."

Wanacheka hadi leo wakilikumbuka. Fundi alivibandua vishikizo vyote usiku uleule, akaweka kamba za kufunga. Vazi hilo bado analivaa. Linazuia miiba, kupe na siafu. Jino la nyoka halilizuii, naye anajua.

Wifi huyo ndiye kiini cha kisa hiki, maana kisa hiki kinahusu watu walioondolewa.

Tangu zamani, kazi hii hufanywa na wawili wawili: mtu wa masikio na mtu wa macho. Mtu wa masikio akivaa hedifoni hasikii kitu cha duniani. Macho yake yako kwenye sahani. Ukimpigia kelele nyuma yake unajichosha bure. Kwa hiyo kiunoni hufungwa kamba ya katani, na ncha yake hushikwa na mtu wa macho anayetembea nyuma na fimbo mkononi, akitazama nyasi, matawi, mashimo na miguu ya mwenzake.

Kamba hiyo ndiyo lugha yao. Mvuto mmoja, simama. Mivuto miwili, rudi nyuma polepole.

"Na ukivutwa bila mpangilio," anasema Kunguru, "kimbia. Maelezo mtapeana mbele ya safari."

Kwa kamba hiyo wifi yake alimwondoa juu ya kichuguu cha siafu, akamsimamisha hatua moja kabla ya kundi la nyigu, na mara moja akamvuta kwa nguvu hadi akaanguka chali kwa sababu ya nyoka ambaye baadaye alionekana kuwa mpira wa baiskeli. Kunguru hakulalamika. "Heri nianguke kwa mpira mara mia," anasema, "kuliko nisimame kwa nyoka mara moja."

Halafu ikaja siku ya tangazo.

Msimamizi wa uwanja anaitwa Bwana Endelea, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kazi. Ukimwambia pana mzinga, anasema endelea. Ukimwambia mtu kaumwa, anauliza wengine wanafanya nini, kisha anasema endelea. Alikuwa dereva wa mkandarasi kabla ya kupandishwa cheo, na bado hukaa kwenye kiti cha plastiki kama ameshika usukani. Siku hiyo alisimama, akakohoa, akasema watu wa kutazama wameondolewa kazini kuanzia muda ule. Hesabu za juu zimeona kuwa wanalipwa kwa kutazama tu, na kutazama si kazi.

Kisha wifi yake Kunguru akauliza kwa upole mkubwa: "Na wewe unaondoka lini?"

Watu walicheka, lakini kufika jioni wale wanne wa macho walikuwa wamekabidhi fimbo zao langoni.

Katika wale wanne wa masikio waliobaki, mkubwa wao alikuwa Mzee Redio. Alitengeneza redio maisha yake yote mpaka watu walipoacha kuzitengeneza, na masikio yake yalikuwa ya ajabu. Kwa mlio peke yake aliweza kutofautisha nati na kizibo cha soda. Vijana walidai angeweza hata kutaja soda ile ilikuwa ya ladha gani. Kwake hedifoni haikuwa mzigo. Alikuwa akiivaa anafumba jicho moja na kutabasamu, kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani.

Haikuchukua muda baada ya tangazo. Mzee Redio alipata mlio mpana, mzito, karibu na ukuta wa nyuma. Akajua ni pipa. Akachukua koleo la plastiki, akaanza kuchimba pembeni, hedifoni bado masikioni ili asiupoteze ukingo. Pipa lilikuwa limelala nusu ndani ya ardhi, na kwenye tundu lake la kifuniko nyuki walikuwa wanaingia na kutoka. Mtu wa macho angewaona akiwa mbali. Mtu wa macho alikuwa kwake anafua nguo.

Kunguru alikuwa mstari wa jirani, sikio moja wazi. Aliusikia mvumo kabla ya kuliona wingu.

"Nilipiga kelele," anasema. "Nikavua kitambaa kichwani nikakipunga. Mzee akainua kichwa, akaniona. Akanipungia mkono." Anakaza kitambaa kichwani. "Alitabasamu. Alidhani namsalimia."

Alipoanza kukimbia alikuwa tayari hana uso. Baadhi ya nyuki walikuwa wameingia chini ya hedifoni, na zile sponji zikawafungia humo pamoja na masikio yake. Kunguru na wenzake walimfunika kwa magunia mabichi, wakamburuta hadi njiani. Nao waliumwa, na mama huyu anaonyesha alama shingoni bila kuitilia maanani.

Anachokitilia maanani ni kilichofuata.

Bwana Endelea alifika mbio, akihema. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Mashine iko wapi?"

Akaelekezwa. Akaichukua, akaifuta, akaivisha koti lake. Gari la kazi lilipokuja kumpeleka mgonjwa zahanati, mashine iliwekwa kiti cha mbele, ikafungwa mkanda wa usalama. Mzee Redio akapandishwa nyuma, juu ya mifuko ya saruji.

"Niliyaona kwa macho haya," anasema Kunguru, na sauti yake, ambayo asubuhi yote imekuwa ya utani, inakuwa ngumu kama ganda la muwa. "Chombo kimefungwa mkanda. Mtu anarushwarushwa nyuma kama gunia. Na si gunia lenyewe, maana gunia la saruji lilifunikwa turubai."

Mzee hakufa. Uvimbe ulishuka, homa ikaondoka, lakini usaha uliingia masikioni na haukutoka salama. Sikio la kushoto limekufa. La kulia husikia mluzi tu, usiku na mchana.

Ofisi ya mkandarasi ni kontena lililopakwa rangi, lenye kiyoyozi na kapeti. Karani aliyekuwemo alikuwa na adabu na haraka. Kuhusu fidia ya mzee, alieleza kuwa ajali ya kazini ni ile inayosababishwa na vifaa vya kazi. "Nyuki si kifaa chetu," alisema. "Nyoka si mwajiriwa wetu. Hatuwezi kulipia mnyama wa watu." Alipoulizwa ingekuwaje kama nyuki wangeharibu mashine, hakufikiri sana.

"Ah, mashine ina bima," alijibu.

Basi ukabaki upande wa chini wa uwanja, ambao kila mtu alikuwa anaukwepa. Huko mabati ya paa la karakana yalianguka yote kwa pamoja na kulala yamepandana, magugu yamepita katikati yake. Tingatinga lilikuwa linangoja. Bwana Endelea alisema wale waliobaki wa masikio waingie.

Kunguru alitazama mabati. Akatazama kandambili zake. Akageuza ndoo, akaikagua chini, akaikalia.

"Nini hicho?" akauliza msimamizi.

"Nimekaa."

"Endelea na kazi."

"Naendelea kukaa. Mrudishe mtu wa macho, nitasimama."

Wenzake wawili walitazamana, nao wakatafuta ndoo. Bwana Endelea aliona jua linapanda na kazi haisogei. Akasema maneno ambayo hata leo wanayaiga wakila mchana: kwamba wanawake na waoga wamezidi, na kwamba kutembea na fimbo hakuhitaji ndugu wa kukushika mkia. Akachukua mashine ya Kunguru, akavaa hedifoni masikio yote mawili, akaingia.

Alikuwa na viatu vya wazi vya kutokea jioni.

Haki ya Mungu, kuna mtu mwingine angebaki kwenye ndoo akatafuna jani. Kunguru anakiri kwamba alilifikiria. Lakini aliona bati la tatu likiinuka kidogo pembeni, bila upepo, na chini yake rangi ya majani makavu iliyojikunja kwa mpangilio ambao majani makavu hayana. Kifutu, nyoka yule mnene, mvivu, asiyekimbia mtu. Husubiri akanyagwe. Sahani ya mashine ilikuwa imeshampita. Mguu ulikuwa unafuata.

Kumwita hakukuwa na maana. Mwoga wa uwanja aliruka kutoka kwenye ndoo, akavuka mabati, akamkamata msimamizi ukosi wa shati na kumvuta kinyumenyume hadi wote wawili wakaanguka kwenye magugu. Vifungo vya shati vikatoka. Pale mguu ulipokuwa unakwenda, kitu kilipiga bati kutoka chini, pa, kama mtu aliyetupa jiwe.

Bwana Endelea alikaa chini muda mrefu. Alivua hedifoni taratibu.

"Sikumsikia," alisema.

"Hakuna anayemsikia, kaka," akasema Kunguru, akijitoa miiba. "Ndiyo maana tunaomba."

Mtu angetegemea kwamba kesho yake mambo yalibadilika. Yalibadilika. Bwana Endelea alikuja na mabuti ya mpira, meusi, yanafika gotini, hayana hata msumari. Jozi moja. Alikuwa ameyavaa.

Tena aliagiza mtu mtaani akamwite wifi yake Kunguru. Wifi alikuja akiwa amejifunga vizuri, akichukua fimbo yake langoni kwa furaha, mpaka alipoelezwa kazi. Ofisi ilikuwa imepata fungu dogo la kumlipa mtu mmoja wa macho, na mtu huyo angetembea nyuma ya msimamizi anapokagua.

"Kwa hiyo nitazame miguu yako," akasema wifi.

"Ndiyo, dada."

"Iliyo ndani ya mabuti."

Msimamizi aliyatazama mabuti yake.

Wifi alimpita, akaenda kusimama nyuma ya Kunguru, akamfunga kamba kiunoni. "Nimeajiriwa kutazama," akasema. "Hujasema nitazame kwa kuelekea wapi." Na tangu siku hiyo huko ndiko anakotazama. Msimamizi analijua, na kwa sababu anazozijua mwenyewe, amelinyamazia.

Lakini wawili wengine wa masikio bado hawana mtu nyuma yao, na kandambili ni zilezile.

Jumapili Kunguru huenda kumwona Mzee Redio. Anaishi chumba kimoja na mkewe, kitanda karibu na dirisha, rafu ya redio zilizofunguliwa matumbo ambazo sasa hazimsaidii kitu. Mkewe humwandikia maneno kwa kidole kwenye kiganja, na akichoka humpiga kofi dogo la bega, jambo ambalo mzee anasema linaeleweka vizuri kuliko yote.

Safari moja Kunguru alikuwa ameketi kwenye kigoda, akimpigia mzee makelele ya habari za uwanja ambayo yalisikika nyumba ya tatu na hayakumfikia yeye. Mzee hakuwa anamtazama. Ghafla alinyoosha fimbo yake na kugusa mguu wa kigoda. Mstari mwembamba wa siafu ulikuwa unaingia chini ya mlango, umepita kwenye kivuli cha meza, umekaribia kisigino cha mgeni. Wanawake wawili wenye macho mazima walikuwa hawajauona.

"Sisikii," akasema Mzee Redio, kwa sauti kubwa isiyojijua. "Sikupofuka."

Kesho yake Kunguru alisimama mbele ya kiti cha plastiki na kusema anataka mtu wa macho wa mstari wa pili awe Mzee Redio, kwa ujira kamili, na mabuti ya mpira kwa kila mguu unaovuka lango, kabla mvua haijaanza na kuwatoa wakazi wote wa chini ya ardhi juu kwa pamoja.

"Kiziwi?" akauliza Bwana Endelea. "Ofisi haitakubali kiziwi."

"Kazi ya macho inataka masikio ya nini?"

"Hatasikia akiitwa."

"Mimi nikivaa hedifoni ni kiziwi kuliko yeye," akasema Kunguru, "na ndivyo mnavyonitaka. Mnanikataza hata kufungua sikio moja. Kiziwi mwenye chombo chenu mnamlipa. Kiziwi mliyemfanya wenyewe mnamfukuza."

Aliambiwa ombi litapelekwa juu. Juu, kama anavyosema mwenyewe, ni mbali, na ngazi wanaihifadhi ofisini.

Wote watatu wa masikio wamekubaliana. Mabati hayataguswa, tingatinga lingoje hadi liote kutu nalo liwe la kutafutwa, mpaka kila mstari uwe na macho yake. "Wakituondoa wataleta wengine," anasema. "Najua. Lakini hao wengine nao wana miguu. Nitasimama hapo langoni niwaonyeshe."

Asubuhi ya kuandikwa habari hii, ombi lilikuwa halijajibiwa. Watu walikuwa wanajipanga kwenye mistari ya upande wa juu Mzee Redio alipoingia langoni bila kuitwa. Amevaa suruali iliyoingizwa ndani ya soksi mbili mbili. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja mstari wa pili, akamfunga kamba kiunoni kijana wa masikio aliyekuwa peke yake, akazungusha ncha yake kwenye kiganja, akaanza kutazama nyasi.

Bwana Endelea alisimama kwenye kiti. Akamwita. Akamwita tena, kwa jina lake lote, kwa sauti ya kuamsha mtaa, akimwamuru atoke kwenye uwanja wa watu.

Mzee hakugeuka. Mbele yake nyasi zilitikisika kidogo, naye akavuta kamba mara moja.

Kijana akasimama.